Wati 6 juu ya meza ya steshenari: mwaka mmoja na nusu na prosesa ya N100

Fundi anayenitengenezea printa alipokiona kisanduku changu kipya kwa mara ya kwanza aliniuliza, "Dada, umeanza kuuza ving'amuzi?" Sikumlaumu, kwa sababu kisanduku hicho kilichokaa kando ya kioo cha kompyuta kilikuwa na ukubwa wa kiganja, hakikusikika sauti yake, na chini ya meza, mahali ambapo kwa miaka saba palisimama kompyuta kubwa ya mtumba, palibaki alama ya mstatili iliyochorwa na vumbi. Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo kompyuta yenyewe, na kwamba ndani yake mna prosesa, yaani kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, inayoitwa Intel N100, ambayo mtengenezaji ameiandikia wati 6. Alicheka, kisha akaomba ruhusa ya kuifungua.

Ninaendesha steshenari ndogo Ngamiani, Tanga. Kazi zinazopita mezani kwangu ni zile ambazo kila mwenye steshenari anazijua: kuchapa barua na wasifu, kuskani vyeti na kuvipunguza ukubwa ili vikubaliwe na tovuti, kujaza maombi ya ajira na ya mikopo ya elimu ya juu, kuandaa mitihani ya majaribio ya shule za jirani, na kutoa nakala za risiti na mikataba. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji mashine ya kutisha. Hata hivyo zote zinahitaji mashine ambayo haitakwama mteja akiwa amesimama mbele yako na tarehe ya mwisho ikiwa ni leo. Wateja kadhaa na wenzangu wawili wa biashara wameniuliza kama kisanduku hiki kinafaa, nami nimeona niandike jibu refu mara moja, hasa kwa kuwa sababu ambayo wengi huitaja wanapokisifu, yaani kupungua kwa matumizi ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), kwa maoni yangu ndiyo sababu iliyo dhaifu kuliko zote.

Nianze na kompyuta niliyoiacha, kwa kuwa ulinganisho wenyewe unashangaza. Ilikuwa na prosesa ya Intel Core i5-4570, iliyotoka katikati ya mwaka 2013, yenye viini vinne (sehemu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja), nyuzi nne za kazi (mifuatano ya maagizo inayoendeshwa pamoja), kumbukumbu ya ndani ya MB 6, na kasi inayopanda hadi gigahezi 3.6. N100 ilitangazwa Januari 2023, nayo ina viini vinne, nyuzi nne, kumbukumbu ya ndani ya MB 6, na kasi inayopanda hadi gigahezi 3.4. Ukiyasoma maelezo hayo bila kutajiwa majina utadhani ni mtu na mdogo wake, na hata katika vipimo vya kawaida vya kasi zinaangukia karibu karibu. Tofauti iko katika mstari mmoja tu wa karatasi: ile ya 2013 imeandikiwa wati 84, na hii ya 2023 imeandikiwa wati 6.

Namna miaka kumi ilivyolifikisha jambo hilo hapo ni hadithi ya ukoo wa prosesa uliodharauliwa kwa muda mrefu, tena kwa haki. Mwaka 2008 Intel ilitoa Atom za kwanza kwa ajili ya vipakatalishi vidogo vya bei nafuu, vile ambavyo wengi wetu tulivikuta vyuoni na kuvichukia, kwa sababu kufungua barua pepe moja kulikupa nafasi ya kwenda kuchota maji na kurudi. Udhaifu wao mkubwa ulikuwa kwamba zilitekeleza maagizo kwa mfuatano ule ule yalivyofika: agizo moja likisubiri data kutoka kwenye kumbukumbu, yote yaliyo nyuma yake yanasubiri pia. Ni sawa na mimi kuamua kwamba, kwa kuwa mteja wa kwanza kwenye foleni bado anaitafuta namba yake ya NIDA kwenye simu, basi yule wa pili aliyekuja kutoa nakala ya ukurasa mmoja naye asihudumiwe. Mwaka 2013 ukoo huo ulibadilishwa ukaanza kupanga upya maagizo, wa pili akihudumiwa wakati wa kwanza anatafuta, na kila baada ya miaka michache kilitoka kizazi kingine chenye uwezo zaidi wa kupanga. Kiini cha Gracemont, ambacho ndicho kimo ndani ya N100, kilionekana kwanza mwaka 2021 katika prosesa kubwa za Intel za kizazi cha 12, ziitwazo Alder Lake, kikiwa msaidizi: viini vikubwa vilifanya kazi nzito, na hivi vidogo, ambavyo vinne kati yake vinakaa katika eneo linalokaribia la kiini kimoja kikubwa, vilishika kazi za pembeni. Katika N100 Intel ilichukua kundi moja la wasaidizi wanne hao, ikaliuza peke yake bila bosi.

Sehemu nyingine ya maelezo ni ya fizikia, nayo haina ubishi. Umeme unaotumika sakiti zinapobadilika hali huongezeka kwa kadiri ya kasi na kwa kadiri ya mraba wa volti, kwa hiyo ukiweza kushusha volti kwa asilimia 20 huku mengine yakibaki vilevile, unabakiwa na asilimia 64 tu ya matumizi ya awali. Prosesa ya mezani ya 2013 ilitengenezwa kwa nanomita 22 na iliruhusiwa kula umeme wa kutosha ili ifike kwenye kasi yake bila kuhesabu gharama. Hii mpya imetengenezwa kwa teknolojia ambayo Intel inaiita Intel 7, yenye transista ndogo zaidi, na tangu mwanzo ilikusudiwa kufanya kazi katika eneo la volti ya chini ambako kila wati inazaa kazi nyingi.

Hata hivyo wati 6 ni namba ya kusomwa kwa uangalifu. Haisemi kisanduku kitakula kiasi gani ukutani. Inaeleza joto ambalo kipoozaji kinapaswa kuweza kuliondoa prosesa ikiwa kwenye kasi yake ya msingi, na watengenezaji wengi wa kompyuta hizi ndogo huiruhusu ipande hadi wati 10, 15 au zaidi kwa muda, ili isionekane nzito unapofungua programu. Nilinunua kifaa cha kupimia kinachochomekwa kati ya soketi na plagi, nikapima kompyuta zote mbili bila kioo. Ile kubwa ilikula takribani wati 42 ikiwa imetulia na wati 95 nilipoilazimisha kufanya kazi kwa viini vyote. Hii ndogo ilikula wati 8 ikiwa imetulia na 24 ilipobanwa. Kwa hiyo tofauti halisi ni mara nne au tano, wala si mara kumi na nne kama karatasi inavyodokeza, ingawa kwangu mara nne zinatosha kabisa.

Sasa tuifanye ile hesabu ya LUKU ambayo wauzaji huipenda. Ofisi yangu hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, siku 26 kwa mwezi, ambazo ni saa 312. Kwa matumizi yangu ya mchanganyiko, kompyuta ya zamani ilikuwa ikila wastani wa wati 50 na hii mpya wati 11, tofauti ikiwa wati 39. Zidisha kwa saa 312, kisha gawanya kwa elfu moja kwa kuwa yuniti moja ni wati-saa elfu moja, utapata yuniti 12 na kidogo. Mimi niko katika kundi la wateja ambao elfu moja inawapa yuniti 2.8, yaani kila yuniti ni kama shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, kwa hiyo ninaokoa shilingi elfu nne na mia tatu hivi kwa mwezi, au elfu hamsini na mbili kwa mwaka. Kisanduku kilinigharimu shilingi 430,000 pamoja na usafiri. Anayekinunua ili kilipe gharama yake kwa umeme pekee atasubiri zaidi ya miaka minane, na sidhani kama feni yake ndogo ina subira ya kiasi hicho. Mwenye kompyuta inayokesha usiku na mchana, kwa mfano ya kuhifadhi picha za kamera za ulinzi, atakuwa na hesabu nzuri zaidi, lakini steshenari haikeshi.

Faida niliyoipata mimi ilijitokeza umeme ulipokatika. UPS yangu, yaani kifaa chenye betri kinachoiendeleza kompyuta umeme unapokatika, ni ya VA 650, na ndani yake mna betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, kwa hiyo kwenye karatasi ina wati-saa 84. Betri za asidi hazitoi kiasi chote hicho zinapokamuliwa haraka, na mzunguko unaoigeuza volti 12 kuwa 230 nao unachukua ushuru wake, hivyo ukipata nusu ushukuru. Kompyuta ya zamani pamoja na kioo chake ilinipa dakika kama ishirini, na kadiri betri ilivyozeeka dakika hizo zilikuwa kumi na mbili zenye mlio usiokoma. Betri mpya ikiwa na kisanduku hiki, kioo kilekile na kipanga njia cha intaneti, ninapata saa moja na dakika kadhaa, na mara nyingi umeme hurudi kabla sijaanza kuangalia saa. (Printa ya leza sijaiunganisha kwenye UPS na siwashauri mwiunganishe: inapopasha moto sehemu ya kugandisha wino huvuta mamia ya wati kwa mkupuo mmoja, na UPS ndogo itazima kila kitu kwa hasira.)

Kuna jioni moja ninayoikumbuka. Kijana alikuja siku ya mwisho ya maombi ya kazi, akiwa na vyeti vyake kwenye bahasha iliyolowa mvua, na tulikuwa tumefika kwenye hatua ya kupakia kiambatisho cha tatu kati ya vitano mtaa mzima ulipozimika. Alinyanyuka kwenye kiti.

"Shikamoo mama, ndiyo imepotea yote?"

Alikwisha kunisalimu alipoingia. Nadhani shikamoo ya pili ilimtoka kwa hofu. Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, kaa. Bado inaenda." Kioo kilikuwa bado kinawaka, taa za kipanga njia zilikuwa bado zinapepesa, na tulimaliza viambatisho viwili vilivyobaki kwa mwanga wa tochi ya simu yake iliyoelekezwa kwenye kibodi. Kwa kompyuta ya zamani ningekuwa ninahesabu milio na kumwomba aharakishe, na kuharakisha ndiko kunakofanya mtu apakie cheti cha kidato cha nne mahali pa cheti cha kuzaliwa.

Kutokana na usiku huo nilianza kufikiri kuhusu jambo ambalo kompyuta kubwa haikuniruhusu hata kuliwaza. Kisanduku changu kinaendeshwa na adapta ya volti 12 na ampea 3, maana yake ndani yake kinahitaji umeme uleule unaotoka kwenye betri ya sola. Kuchukua volti 12 za betri, kuzipandisha kuwa 230 kwa inveta, kisha kuzishusha tena kuwa 12 kwa adapta ni kuzunguka Muheza ili kwenda Raskazone. Fundi wangu alinitengenezea waya wa moja kwa moja, lakini alisisitiza, nami ninasisitiza kwa wasomaji, kwamba lazima katikati pawepo kidhibiti cha volti, kwa sababu betri ya volti 12 inayochajiwa na sola hupanda hadi volti 14 na zaidi, na ubao mama uliotengenezewa 12 hauna wajibu wa kuvumilia hayo. Kidhibiti hicho ni cha bei ndogo, na kukiruka ni kucheza kamari na kompyuta nzima.

Joto la pwani pia limenifundisha. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta hutoka ikiwa joto, na chumba changu chenye bati, dirisha moja na mashine ya nakala kilikuwa kikiongezewa joto la wati 50 mchana kutwa, kama taa ya zamani ya balbu iliyosahauliwa ikiwaka chini ya meza. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, tofauti hiyo inasikika miguuni. Kompyuta kubwa ilikuwa na feni tatu zilizovuta vumbi la barabara kutwa, na kila miezi mitatu nilikuwa ninaipuliza na kukuta ndani yake kitu kinachofanana na sufi. Hii ina feni moja ndogo. Nimeifungua mara mbili tu, na yaliyomo yalifutika kwa brashi ya rangi.

Kuhusu kazi yenyewe, sina mengi ya kusema, na hilo ni jambo jema. Kuandika, karatasi za hesabu za wastani, kivinjari chenye kurasa kumi na tano, PDF za kurasa arobaini: vyote vinakwenda bila mimi kukumbuka kwamba kuna prosesa. Kwa video ndipo iliponishangaza, kwa kuwa imeishinda ile ya zamani kwa mbali. Prosesa za 2013 hazikuwa na sakiti kamili za kusimbua, yaani kufungua ili picha ionekane, miundo mipya ya video, kwa hiyo viini vyenyewe vilijitwisha kazi hiyo na feni zikaanza kuimba. N100 ina sakiti maalumu za kusimbua HEVC, VP9 na hata AV1, muundo uliotolewa mwaka 2018 na ambao YouTube huutumia kwa video zake nyingi. AV1 hubeba picha ya ubora uleule kwa data kidogo zaidi, na mtu anayenunua intaneti kwa bando anaelewa maana ya sentensi hiyo bila kuelezwa.

Mipaka yake ni ya kweli, na ningependa anayenunua aijue kabla ya kutoa fedha. Prosesa imegandishwa kwenye ubao mama, kwa hiyo hutaibadilisha kamwe. Njia ya kumbukumbu ni moja tu, na kwa kawaida unakuta nafasi moja ya RAM (kumbukumbu ya kazi), ambayo Intel inaiwekea kikomo cha GB 16. Nilipojaribu kutengeneza bango la harusi la mita tatu lenye picha nyingi, kila nilipohamisha tabaka moja nilingoja, na kwa kazi za mabango bado ninakwenda kwa rafiki yangu mwenye mashine kubwa. Kuhariri video ndefu si kazi yake. Michezo mizito vijana wasahau, kwa kuwa kisanduku cha aina hii hakina nafasi ya kuchomeka kadi ya picha.

Kuna pia suala la majina, ambalo linaudhi. Septemba 2022 Intel ilitangaza kwamba itaacha majina ya Pentium na Celeron katika vipakatalishi vya 2023 na badala yake itaandika tu "Intel Processor". Majina yale ya zamani angalau yalimweleza mnunuzi kwamba anachukua cha bei ya chini. Sasa wauzaji huandika "kizazi cha 12" kwa herufi kubwa, kwa kuwa N100 ni ndugu wa Alder Lake, na mteja anadhani ananunua kitu sawa na i5-12400 yenye viini sita vikubwa. Kizazi si cheo. Angalia pia namba zilizo jirani: N95 ina viini vinne vilevile lakini imeandikiwa wati 15, na N97 wati 12, na vyote hivyo hukaa rafu moja kwa bei zinazokaribiana.

Mimi mwenyewe niliumwa na nyoka huyo kwa upande mwingine. Kisanduku changu kilitangazwa kuwa na RAM ya GB 16, nikakiwasha, nikakuta GB 8, na muuzaji akawa mtu wa kuahidi kesho. Baada ya wiki mbili za kesho nilinunua kipande cha GB 16 kwa fedha zangu, nikakibadilisha kwa bisibisi ndogo kwa dakika tano. Tangu hapo humshauri kila anayeniuliza awashe mashine mbele ya muuzaji, afungue ukurasa wa mfumo, asome RAM, jina la prosesa na aina ya diski, kisha ndipo atoe fedha. Diski ikiwa ya eMMC, yaani iliyogandishwa kwenye ubao, aiache hata ikipunguzwa bei, kwa sababu ni ya taratibu, na ikifa huwezi kuichomoa na kuweka nyingine.

Nikipata nafasi moja zaidi ya kutoa ushauri, itakuwa juu ya mpangilio ambao watu wengi hawaujui. Ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kuna kipengele kinachoamua kompyuta ifanye nini umeme unaporudi. Visanduku vingi huja vikiwa vimewekwa vibaki vimezima. Nilikibadilisha cha kwangu kiwe kinawaka chenyewe, na sasa nikichelewa asubuhi, kijana wangu wa kazi anawasha swichi kuu ya ukutani na kompyuta inamkuta tayari.

Kompyuta ya zamani sikuitupa. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na i5 ya kizazi cha nne haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, ilhali N100 imo, kwa hiyo niliiwekea mfumo wa bure wa Linux Mint na kumpa mpwa wangu anayesoma kidato cha tatu. Ameiweka chumbani kwake. Mama yake ananiambia kwamba feni zake zinasikika hadi sebuleni, na kwamba tokeni za mwezi sasa zinaisha mapema kidogo. Yule fundi wa printa naye alirudi wiki iliyopita, safari hii bila bisibisi, akitaka kujua kama N95 aliyoiona mahali fulani ni sawa na yangu.